Williamsburg kwa sikio: anzia Mtaa wa Nassau

Nina ushauri mmoja kwa yeyote anayekwenda Williamsburg, mji wa makumbusho huko Virginia, Marekani, akiwa na simu mfukoni na maelezo ya kurekodiwa masikioni: usianzie Jumba la Gavana. Anzia Mtaa wa Nassau.

Najua kwa nini watu hukimbilia kwa gavana. Jumba limesimama mwisho wa uwanja mpana wa nyasi, na ukumbi wake wa kuingilia umepambwa kwa bunduki na panga ukutani kote. Williamsburg ulikuwa mji mkuu wa koloni la Virginia kuanzia 1699 hadi 1780, na hapo ndipo alipokaa mwakilishi wa mfalme wa Uingereza. Ila jumba unaloliona leo ni la miaka ya 1930. Lile la kwanza liliteketea Desemba 1781, lilipokuwa hospitali ya majeruhi wa vita vya Yorktown, vya kupigania uhuru wa Marekani. Ili kulirudisha, mafundi walifukua misingi yake, wakafuata ramani ya vyumba aliyoichora Thomas Jefferson, rais wa baadaye wa Marekani, pamoja na bamba la shaba lenye picha za majengo ya mji lililopatikana katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Ni kazi ya kuheshimika, na nimeitazama kwa furaha. Yote yalianza 1926, mchungaji W. A. R. Goodwin alipomshawishi tajiri John D. Rockefeller Jr. atoe fedha za kuurudisha mji kwenye sura ya karne ya 18. Mamia ya majengo yaliyojengwa baadaye yalibomolewa.

Sasa nenda Nassau. Kabla ya mapinduzi ya makoloni dhidi ya Uingereza, zaidi ya nusu ya wakazi wa mji huu walikuwa Weusi, karibu wote watumwa. Mwaka 1776 baadhi yao, pamoja na Weusi waliokuwa huru, walianzisha ushirika wa First Baptist. Kanisa lao la matofali lilijengwa 1856, likadumu miaka mia. Katika miaka ya 1950 kiwanja kilinunuliwa kwa ajili ya mradi huo wa kuurudisha mji wa kale, kanisa likavunjwa, na baadaye pakamwagwa lami ya maegesho ya magari. Yaani jumba lililokuwa limetoweka kwa karne moja na nusu liliinuliwa upya, na kanisa lililokuwa limesimama likaangushwa, katika mradi uleule. Uchimbaji ulipoanza 2020, chini ya lami ilikutwa misingi ya kanisa la awali zaidi, na makaburi zaidi ya 60.

Hapa ndipo ninapoyapenda matembezi ya kujiongoza. Bonyeza kitufe, sauti inyamaze, usimame utakavyo. Hakuna kiongozi anayetazama saa wala kundi la kulikimbilia. Hatua chache kutoka hapo, kwenye kona ya Nassau na Francis, ipo nyumba ndogo ya Bray School, iliyowafundisha watoto Weusi, watumwa na huru, kuanzia 1760. Walifundishwa kusoma, na pia kutii mabwana zao, na yote mawili yanapaswa kusikika pamoja. Nyumba hiyo ilisahaulika kwa miaka mingi ikitumika kwa shughuli za chuo jirani, ikatambuliwa, kisha ikahamishiwa hapo 2023.

Ukitoka huko pita nyumbani kwa Peyton Randolph, rais wa kwanza wa Kongresi, yaani baraza la makoloni yaliyoiasi Uingereza. Alipofariki 1775, orodha ya mali yake hapo mjini ilikuwa na watu 27. Novemba mwaka huohuo gavana Dunmore, ambaye tayari alikuwa amekimbilia melini, alitangaza uhuru kwa watumwa wa waasi watakaopigana upande wake, na kadhaa wa watu hao wa nyumba ya Randolph wakatorokea kwa Waingereza. Baada ya kusimama hapo, ndipo uende kwa gavana. Utaingia ukumbi wa silaha ukijua wanaume na wanawake gani walikuwa wakilipima neno la mwenye jumba hilo dhidi ya maisha yao.

Karakana ni jambo jingine. Kwa mhunzi, kwa seremala, kwa mfua fedha, vua vifaa vya masikioni kabisa. Mafundi wa Williamsburg hutengeneza vitu vya kweli kwa zana za zamani, na wanajibu maswali. Rekodi haijibu. Mwulize mhunzi nani alikuwa akivuta mvukuto, na kama alilipwa. Ni swali la haki, kwa kuwa ufundi mwingi wa mji huo ulifanywa na mikono ya watumwa, na nimeona majibu ya mdomo yakifika mbali kuliko rekodi yoyote.

Tiketi ni ya kuingia ndani ya majengo; kutembea mitaani ni bure. Kwa hiyo mwenye asubuhi moja tu, au asiye na pesa ya tiketi, bado ana Nassau yote.