Senti 41, na gobore la mzee lililolala kituoni

Jumamosi nimepita duka moja nje kidogo ya Houston kununua risasi, boksi moja tu, kijana wa kaunta akapiga hesabu akaniuliza nijazie ifike dola kamili, zinazozidi ziende kwenye chama cha wenye bunduki? Nimeshazoea hilo swali, nikamwambia jaza. Senti 41, kama buku hivi ya kwetu. Nageuka niondoke, mzee wa kizungu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, kofia imechakaa hadi haina rangi, akanipa mkono eti asante. Asante ya nini tena mzee? Akasema wale jamaa wanatufanyia kazi na hakuna mtu anawaona.

Nikakaa kwenye gari dakika kumi sijawasha. Namuwaza baba na gobore lake.

Watu wa Pangani hii stori mnaijua, wala sianzi na Adamu na Hawa. Shamba letu liko upande wa Mkwaja, mihogo na mahindi, na Saadani pale imepandishwa kuwa hifadhi ya taifa 2005, kilichofuata mnakijua wenyewe, nguruwe pori wanaingia shambani. Mzee alikuwa na gobore la kushindilia, baruti na marisau, lina kibali chake halali, alilitunza kuliko baiskeli yake ya Phoenix. Alipofariki kibali nacho kikazikwa. Kaka yangu kama raia mwema akalibeba mwenyewe hadi kituoni, akasaini, afu akaanza kuomba lihamie kwake. Kijiji, kata, wilaya, njoo Jumatatu, mkubwa yuko safari, faili halionekani, leta picha nyingine hizi zimepauka. Mwaka wa tano huu. Nguruwe hawajaambiwa waje Jumatatu, wao wanakuja kila usiku, na mama yangu na umri ule anakesha na wajukuu wanagonga madebe.

Sasa mie huku nina green card tu, hata raia si raia. Nilijaza fomu, muuzaji akaingiza taarifa zangu kwenye ule mfumo wa FBI wa kukagua rekodi za mnunuzi, walioanzisha 1998, nikasubiri kama vile nasubiri chai ya maziwa, jibu likarudi safi. Na nguruwe wapo huku pia, tena wengi ajabu, Texas wanawapiga mpaka kwa helikopta, sheria imeruhusu tangu 2011, mwaka 2017 wakaongeza na puto la hewa ya moto. Sitanii. Tangu 2019 ukiwa na ruhusa ya mwenye shamba huhitaji hata leseni ya kuwinda kwa ajili ya nguruwe. Jirani mmoja mwenye shamba ananipigia mwenyewe simu, njoo bwana wamenimaliza. Napiga, yeye anabeba nyama, mie narudi na mikono mitupu naoga. Kijana wa Tanga nitafanya nini na nguruwe.

Najua mshaanza. Huyu kaenda Marekani kashajiona mzungu. Shemeji yangu mmoja ndo bingwa wa hilo, kila nikiandika neno kwenye grupu anajibu "mwambieni arudi basi". Shemeji, sijasema bunduki ziuzwe kama mihogo ya kukaanga pale Raskazone. Nasema kitu kingine kabisa, soma mpaka mwisho kwanza.

Mie ninachokionea wivu huku ni yule mtu anayesoma makaratasi. Bunge la Texas linakaa siku 140 kila baada ya miaka miwili, na humo miswada inamwagika kama dagaa. Mie shifti yangu ya usiku, nalala mchana, nitaisoma saa ngapi? Kuna mtu kalipwa kwa senti 41 zangu na za yule mzee, kazi yake kusoma mstari kwa mstari, kwenda kukaa kwenye benchi la kamati masaa sita apewe dakika mbili aseme, wakichomeka neno moja baya yeye ndo wa kwanza kupiga kelele. Hatokei kwenye tivii huyo. Yule wa kwenye tivii mwenye kufoka mie simuongelei, wala simpendi.

Au ile kesi ya Chicago. Mji ulikataza bastola majumbani tangu 1982, mzee mmoja mweusi, mstaafu, Otis McDonald, nyumba yake imevunjwa si mara moja, anaishi mtaa ambao vijana wanamtisha mlangoni. Peke yake angefika wapi? Shirika la Second Amendment Foundation likasimama nyuma yake, mawakili, ada, makaratasi, miaka, hadi Mahakama Kuu ya Marekani, 2010 akashinda kwa majaji watano dhidi ya wanne. Siku hizi mtu ananunua bastola Chicago wala hajui jina la yule mzee.

Sasa niambieni kwetu. Bodaboda wana chama. Wavuvi wa Deep Sea pale Tanga wana BMU, kikundi chao cha kusimamia ufukwe. Kina mama wana vikoba, tena vina katiba kuliko vyama vya siasa. Mwenye gobore halali, mkulima aliyefuata kila mlango, nani anamsemea? Sheria mpya ya silaha ilivyokuja 2015 nani alikwenda Handeni, Kilindi, Mkinga akawauliza wenye magobore, jamani mtu akifa shamba lilindwe vipi wakati faili linatembea? Sijamsikia. Kila mtu anahangaika na bahasha yake ya kaki kivyake kama vile ana siri ya aibu.

"Na watoto wanaouawa mashuleni?" Nilikuwa nakusubiri. Uvalde ipo Texas hiihii, 2022, wanafunzi 19 na walimu wawili, na kijana wa miaka 18 bunduki alinunua halali dukani. Binti yangu yuko darasa la tatu, wanafundishwa kuzima taa na kukaa kimya chini ya madawati, akanionyesha nyumbani jinsi ya kubana pumzi. Siwezi kukuelezea nilivyojisikia. Hapo mie na chama tunaachana njia, wakisema umri wa kununua bunduki usiguswe nakasirika, na mwezi ule senti sikujaza. Kule Tanga mie nilitoka Ngamiani saa sita usiku natembea kwa mguu hadi Chuda, mfukoni nina kashata tu, na sikuwaza risasi hata siku moja, hiyo raha Texas hawana na hawataipata karibuni. Nimesema. Msije mkasema nimeficha.

Na mwingine atadakia kwamba hivyo vyama vyenyewe wezi. Kweli bwana, NRA ile kubwa, iliyoanzishwa 1871 na maofisa waliochoka kuona askari hawajui kulenga, bosi wake Wayne LaPierre jopo la mahakama New York 2024 limemkuta katumia hela za wanachama kwa anasa zake. Mnashangaa nini, nyie hamjawahi kuona mweka hazina wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anajenga? Lakini wale wanachama wa kawaida huku Texas wanaofungua uwanja wa kulengea Jumapili na kufundisha watoto usalama bila kulipwa hawakula hizo anasa. Wanachama walipiga kelele, kesi ikaenda, mtu akaamriwa arudishe mamilioni. Kwetu kwanza kiwepo hicho chama, wizi tutaushughulikia mbele ya safari.

Basi jana nikampigia mama, nikamhadithia yote, yule mzee, ile asante, Chicago, nilikuwa na jazba kweli. Akanisikiliza hadi mwisho, mama ana subira. Afu akauliza hiyo hela uliyowajazia wazungu ni shilingi ngapi. Nikamwambia kama elfu moja. Kimya kidogo.

"Ungenitumia mie mwanangu. Debe langu limetoboka."