Joto la chumba, chumba cha wapi?

Mwandishi umesema divai nyekundu inywewe kwa joto la chumba, sasa chumba cha wapi ndugu yangu? Hiyo kauli ni ya Ulaya enzi hizo nyumba zao zina baridi, nyuzi 16 mpaka 18 hivi. Huku kwetu Kirumba, Mwanza, saa nane mchana bati linalialia lenyewe, acha chupa mezani uone kama hujanywa chai. Mi divai nyekundu ya Dodoma naitupia kwenye friji dakika 20 tu, ikitoka glasi inatoa jasho kidogo, na sato wa kuchoma ni balaa, japo washkaji wananicheka eti samaki na nyekundu wapi na wapi. Kwenye wiski ulivyosema iongezwe maji kidogo nakuunga mkono, matone mawili matatu harufu inafunguka, na hata huko Skotlandi kwenyewe nyingi wanazipunguza na maji kabla ya kujaza chupa so anayekucheka mwache. Bia sisemi kitu, baa ya mtaani kwetu friji limekufa tangu Ijumaa na dada bado anauliza ya moto au ya baridi 😂