Kifungu cha 13 Hakisemi Hayo

Kuna klipu ya sauti imezunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp ya huku Mtwara, na jamaa zangu wa Lindi wanasema kwao pia imefika. Mzungumzaji hajitaji jina. Ana sauti ya mtu aliyezoea kuhutubia, anaanza kwa salamu na dua, kisha anaingia kwenye jambo lenyewe: wanaharakati wakifanikiwa kupandisha umri wa kuolewa hadi miaka 18, kitakachofuata ni unyago kupigwa marufuku, na baada ya unyago zitakuja ndoa za wanaume kwa wanaume. Anamaliza kwa kuwataka wasikilizaji wamkatae mgombea yeyote anayezungumzia usawa katika ndoa.

Nimeisikiliza yote nikisubiri ataje kifungu cha sheria. Hakutaja hata kimoja, kwa hiyo nitavitaja mimi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, inasema mwanamume asioe kabla ya kutimiza miaka 18, lakini msichana anaweza kuolewa akiwa na 15. Mahakama ikiridhika kuwa kuna sababu maalumu, inaweza kuruhusu hata mwenye miaka 14. Kifungu cha 17 kinaongeza kwamba msichana aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya baba, na baba akiwa amefariki, ya mama. (Huku kwetu, ambako kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao ukoo hufuata upande wa mama na mjomba ndiye mwenye kauli, watunga sheria hawakumkumbuka mjomba kabisa. Hayo tuyaache.) Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alivipeleka vifungu hivyo viwili Mahakama Kuu, na tarehe 8 Julai 2016 mahakama ikasema vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa, akitetea kwamba tofauti ile ya umri ilikuwa maridhiano yaliyozingatia mila na dini. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa hiyo.

Shauri ni hilo tu. Linahusu msichana wa miaka 15 na mvulana wa miaka 18, na kwa nini sheria imlinde mmoja na kumwacha mwingine. Kifungu cha 9 cha sheria hiyohiyo kinasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, na shauri la Gyumi halikukigusa. Unyago haumo. Anayesema umo ama hajasoma, ama amesoma na ameamua kudanganya.

Nilimpelekea klipu ile mama mmoja wa Mikindani, nyakanga (kungwi mkuu wa unyago) anayeheshimika, ambaye amewacheza unyago mabinti wengi ambao leo ni wake za watu na wengine walimu. Alikuwa mkekani na ungo wa korosho mapajani, anamenya maganda ya ndani. Akasikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha mikono. Kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi namcheza mwali, simwozi. Kuozwa ni shauri la wajomba zake na hao wanaoitaka mahari." Akaomba nirudishe pale penye maneno ya unyago, akasikiliza tena, akauliza kama huyo anayesema ana binti. Sikuwa na jibu.

Sisemi kwamba unyago hauna la kuzungumzwa. Yapo maeneo ambako mtoto akishatoka ndani anahesabiwa kuwa mtu mzima, na wachumba huanza kubisha hodi akiwa bado darasa la sita. Msimu wa korosho, fedha za mnada zikishaingia, posa huongezeka. Yeyote anayeishi Tandahimba au Newala amewahi kuliona. Lakini hayo ni mazungumzo ya wazee, manyakanga, walimu na wazazi, na kifungu cha 13 kikirekebishwa kesho, ngoma zitaendelea kulia kama kawaida. Kitakachobadilika ni kwamba mwali aliyetoka ndani atarudi shuleni, na hatakuwepo mtu wa kumfungisha ndoa halali akiwa na miaka 15. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16, katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, wapatao 31 walikuwa wameolewa kabla ya kufika 18. Hao ndio waliofichwa nyuma ya klipu ile.

Mbinu hii ya kulifunika shauri kwa hofu isiyolihusu haikuzaliwa Mtwara. Imetumika penye pesa nyingi na mashine kubwa za kampeni, na inafaa kuitazama ilivyofanya kazi huko, maana sisi tunaipokea ikiwa imeshaiva.

Tarehe 4 Novemba 2008 wapiga kura wa California, Marekani, waliulizwa kuhusu Pendekezo namba 8. Miezi michache kabla, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilikuwa imeruhusu watu wa jinsia moja kuoana, na jozi zipatazo 18,000 zilikuwa zimeshafunga ndoa. Pendekezo lenyewe lilikuwa sentensi moja: ndoa kati ya mwanamume na mwanamke pekee ndiyo halali na inayotambuliwa California. Halikuwa na neno shule wala neno mtoto. Tangazo la waliounga mkono pendekezo lililovuma zaidi kwenye televisheni lilikuwa la mtoto wa kike anayerudi nyumbani kutoka shuleni na kumwambia mama yake kwamba leo amejifunza jinsi mwana wa mfalme alivyomwoa mwana wa mfalme mwenzake, na kwamba yeye naye anaweza kumwoa binti wa mfalme. Uso wa mama unabadilika. Baada yake anatokea mhadhiri wa sheria kuthibitisha hofu hiyo. Kisa walichokitegemea kilitoka Massachusetts, jimbo jingine, upande wa pili wa nchi. Msimamizi mkuu wa elimu wa California, Jack O'Connell, alilazimika kujitokeza kwenye tangazo la upande wa pili kusema kwamba Pendekezo namba 8 halihusiani na shule.

Lakini maneno ya afisa wa elimu yatafika wapi, ukiyaweka kando ya uso wa mama aliyeshtuka?

Walioendesha kampeni ile, Frank Schubert na Jeff Flint, walieleza baadaye kwa maandishi jinsi walivyofikiri. Waliona kwamba kutetea ndoa ya asili peke yake kusingetosha kushinda, ikabidi wawaonyeshe wapiga kura madhara yatakayowafikia wao wenyewe. Ndiyo maana shule ikaingia. Zilisambazwa pia karatasi kwenye nyumba za Wamarekani weusi zikiwa na picha ya Barack Obama na maneno yake kuhusu ndoa, ili msomaji aone kama Obama anaunga mkono pendekezo, wakati alikuwa amekwisha kutamka kwamba analipinga. Maneno yalikuwa yake kweli, picha ilikuwa yake kweli, na ujumbe ulikuwa wa uongo. Pendekezo likapita kwa asilimia 52 hivi. Mwaka 2010 Jaji Vaughn Walker alilitengua, na katika hukumu yake akayaeleza matangazo yale na hofu juu ya watoto yaliyoipandikiza. Ndoa zikarudi Juni 2013, na Novemba 2024 wapiga kura wa California wenyewe wakaifuta sentensi ile kwenye katiba yao.

Ireland nako, kura ya maoni ya tarehe 22 Mei 2015, wapinzani wa ndoa za jinsia moja walibandika mabango ya baba, mama na mtoto mchanga, na maneno kwamba kila mtoto anastahili baba na mama. Wenye picha ile, mume na mke, hawakuwa wameombwa. Ilikuwa picha ya kununuliwa tu. Walipojiona kwenye nguzo za barabarani wakatoa taarifa kwamba wao wanaunga mkono kura ya ndiyo. Mwenyekiti wa tume ya kura hiyo, Jaji Kevin Cross, akawaeleza wananchi kwamba kura haibadilishi sheria za kuasili watoto. Asilimia 62 wakasema ndiyo.

Na hapa jirani, Kenya mwaka 2010, rasimu ya katiba ilipokuwa inapigiwa debe na kupingwa, kulikuwa na waliodai itafungua mlango wa ndoa za jinsia moja. Ibara ya 45 ya katiba hiyo inasema kila mtu mzima ana haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti. Imeandikwa waziwazi, na bado dai lilipata wa kulibeba. Ukishaona hilo, klipu yetu haikushangazi tena.

Nisijifiche kwenye jambo hili, kwa sababu mtu ataniuliza: na wewe, hizo ndoa za California na Ireland unazionaje? Naziona ni haki. Watu wazima wawili waliochaguana kwa hiari yao, wanaotaka sheria iwatambue ili mmoja akilazwa mwenzake aruhusiwe kuingia wodini, akifa mwenzake asifukuzwe kwenye nyumba waliyoijenga pamoja, sioni wamemdhulumu nani. Afrika Kusini imeruhusu tangu Novemba 2006, na hakuna nikaha wala ndoa ya kanisani iliyovunjwa kwa sababu hiyo, wala shehe au padri aliyelazimishwa kuwafungisha. Najua sheria ya nchi yetu haizitambui, Kanuni ya Adhabu inaadhibu mahusiano yenyewe, na wengi wa majirani zangu, watu ninaowaheshimu, hawakubaliani nami hata kidogo. Tubishane. Ninachokikataa ni kumtumia binti wa miaka 15 wa Nanyamba kuwa ngao ya ubishi ambao haumhusu.

Maana klipu ile imeshafanya kazi yake. Kwenye kampeni nilihudhuria mkutano wa hadhara wa mama mmoja aliyegombea udiwani. Alikuwa ameanza vizuri, anaeleza juu ya mabinti wanaoacha shule, na wanawake waliokuwa chini ya mwembe walikuwa wametulia wanamsikiliza. Akafika kwenye umri wa ndoa. Kijana mmoja aliyekuwa kwenye bodaboda nyuma akapaza sauti, "Ndoa za wanaume hizo!" Watu wakacheka. Mama akameza mate, akashusha kipaza sauti kidogo, na alipokiinua tena alikuwa anazungumzia barabara na visima. Hakurudi kwenye lile jambo mpaka mkutano ukafungwa. Simlaumu. Alikuwa anaomba kura na alijua klipu imemtangulia kwenye kila simu pale uwanjani.

Kilichopotea siku ile ni kikubwa kuliko umri peke yake, kwa sababu usawa katika ndoa una mambo mengi ambayo mwanamke wa kusini anayahitaji kuyasikia jukwaani. Chukua korosho. Mke anapalilia, anachota maji ya kuchanganyia dawa ya kupulizia, anaokota msimu mzima mgongo umepinda, anaanika, anachambua. Magunia yakifika chama cha msingi, jina ni la mume, na malipo baada ya mnada yanaingia kwenye akaunti ya mume. Ndoa ikivunjika, anaambiwa mikorosho ni ya ukoo wa mwanamume au ya aliyeipanda, aondoke na vyombo vyake. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Na tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema kwamba hata kazi za nyumbani, kupika na kulea, ni mchango katika mali hiyo. Sembuse aliyeokota korosho kwa mikono yake! Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Nimekutana na wanawake wenye wajukuu ambao hawajawahi kuambiwa kwamba maneno hayo yamo kwenye sheria ya nchi tangu 1971.

Hayo ndiyo mgombea angeyasema kama asingezomewa. Ndiyo anayoyaogopa, nadhani, aliyetengeneza klipu. Mwanaume wa Ireland aliyemwoa mwanaume mwenzake hamnyimi usingizi mtu wa Tandahimba. Mke anayejua kifungu cha 114 anaweza kumnyima.

Kwa hiyo klipu ikiingia tena kwenye kundi lenu, msibishane na mwenye kuirusha juu ya dini yake wala malezi yake. Mwulizeni kifungu. Akitaja kifungu, fungueni mkisome pamoja. Sheria inapatikana, na wasaidizi wa kisheria wapo hata wilayani. Wagombea nao waulizwe hadharani, kwa jina la kijiji na kata, kama wanakubali msichana asubiri miaka 18 kama kaka yake anavyosubiri. Jibu liwe ndiyo au hapana, kabla hawajafika kwenye barabara na visima.

Na wabunge wa Mtwara na Lindi wana la kujibu zaidi ya sisi wa kwenye WhatsApp. Hukumu ya Mahakama Kuu ni ya 2016, ya rufaa ni ya 2019, na mwaka mmoja uliotolewa ulikwisha zamani. Marekebisho yenyewe ni mafupi: tarakimu 15 kuwa 18 kwenye kifungu cha 13, kile kijisehemu cha miaka 14 kiondoke, na kifungu cha 17 kisibaki na kazi ya kufanya. Atakayesimama bungeni kuupinga mswada huo aje na maneno yaliyomo ndani yake.