Sanamu ya Henri IV: uso wa mfalme au uso wa karne ya 19?

Kola ndiyo hukushika kwanza. Katika sanamu za kichwa na mabega za Henri IV, mfalme wa Ufaransa, zilizochongwa nchini humo karne ya 19, marumaru ya shingoni imekatwa mikunjo kwa mikunjo hadi ukasahau kuwa ni jiwe. Ndevu zimechanwa vizuri, na midomoni kuna utulivu wa baba mwema. Lakini Henri aliuawa kwa kisu jijini Paris mwaka 1610. Aliyemchonga hakumwona, wala babu wa babu yake hakumwona.

Ndiyo maana wapo wanaoziita uongo uliong'arishwa, na hoja yao si nyepesi. Mchongaji Mwitaliano Bernini alipomchonga mfalme Louis XIV mwaka 1665, alimchora kwanza akiwa katika shughuli zake, kisha mfalme akaja kukaa mbele yake. Jiwe lile lina pumzi ya mtu aliyekuwapo. Tena kumchonga Henri upya hakukuwa mapenzi ya sanaa peke yake. Wabourbon, ukoo wa kifalme wa Henri, waliporudi madarakani mwaka 1814, baada ya Mapinduzi ya Ufaransa na utawala wa Napoléon, walihitaji babu anayependwa na watu. Sanamu ya Henri kwenye daraja la Pont Neuf jijini Paris ilikuwa imeangushwa mwaka 1792. Louis XVIII, mfalme mpya wa Wabourbon, alipoingia Paris Mei 1814, tayari Henri wa plasta alikuwa amesimamishwa pale haraka haraka amlaki. Wa shaba akafuata mwaka 1818. Baadaye mfalme Louis-Philippe akaigeuza kasri ya Versailles kuwa makumbusho ya historia, iliyofunguliwa 1837, na kuijaza nyuso za watawala wa kale. Siasa ilikuwa imeshika patasi.

Hata hivyo, siwezi kuzitupa. Katika karne ya 13 mfalme Louis IX aliagiza sanamu za makaburi kwa ajili ya wafalme na malkia waliozikwa katika kanisa la Saint-Denis, karibu na Paris, baadhi yao wakiwa wamekufa miaka mamia kabla. Leo hakuna anayeziita bandia. Tunazisoma kama ushahidi wa jinsi karne ya 13 ilivyouwaza ufalme. Kwa nini marumaru ya karne ya 19 inyimwe heshima hiyo? Angalau Henri alichorwa akiwa hai, kwa hiyo mchongaji alikuwa na pa kuanzia. Clovis, mfalme wa kale wa Wafranki, je? Ndevu zake zote ni za kubuni.

Na kuna kazi ya mikono, ambayo wakosoaji huipita mbio. Msanii alifinyanga udongo, ikatolewa nakala ya plasta, kisha mafundi wa karakana wakahamisha vipimo nukta kwa nukta hadi kwenye jiwe. Jina linalochongwa chini ni la msanii. Mafundi wale hatuwajui.

Kwangu mimi kosa liko kwenye kibao. Kikiandikwa "Henri IV, 1553–1610" basi, mtazamaji anaondoka akiamini amekutana na mfalme. Mwaka wa kuchongwa uandikwe kwanza, kwa herufi kubwa zilezile, na aliyeagiza kazi hiyo atajwe kando yake.