Siku niliyotaka kufuturisha msikiti risasi

Mjomba wangu kazi yake ni kusoma nyayo. Anawatangulia wawindaji wa kizungu porini, na akiinama kwenye unyayo wa nyati atakwambia kapita alfajiri au kapita jana, na mguu upi unamuuma. Mimi nimekulia Ngamiani, hapa hapa Tanga, nyayo ninazozijua ni za ndala. Sijui alifikiria nini kuniachia kazi ile.

Ilikuwa Ramadhani ya 2013, mwezi wa Julai, msimu wa uwindaji ndio kwanza umefunguliwa. Mjomba karudi mjini na mgeni Mmarekani aliyemaliza safari yake. Wenyewe tunasema waja leo waondoka leo, lakini huyu aliipenda bahari, akakaa. Alikuwa mtu wa kujaza risasi zake mwenyewe. Akishafyatua, ganda halitupi: anarudi nalo kwao, anatoa fataki iliyokufa, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, anatia mpya, anatia baruti na kichwa kipya, anafyatua tena. Mimi nilidhani ubahili. Kumbe kwao ni starehe kama huku watu wanavyofuga njiwa.

Mjomba akanimwagia mezani maganda 24 ya .375, yale ya kupigia nyati. Marefu kama kidole cha kati, na kitakoni yamevaa mkanda.

"Mgeni anayafuata kesho saa tatu. Mengine yamechoka. Tazama hapa, juu kidogo ya mkanda. Ganda likipigwa linavutika, na linapovutika ndipo linapokonda. Ukiona pete inang'aa imelizunguka, weka pembeni, hilo iko siku litakatikia ndani ya bunduki. Shingoni tafuta ufa. Na hizi nukta za wino kitakoni ni hesabu: nukta moja, mpigo mmoja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mjomba."

Akaenda zake msikitini kusubiri Alasiri.

Nikashika ganda la kwanza. Masizi shingoni, alama za vidole tumboni, vumbi la pori kila mahali. La pili vivyo hivyo. Pete siioni. Nikawaza: mtu atatazamaje kitu kichafu? Kwanza usafi, ukaguzi baadaye. Bibi yangu, Mungu amrehemu, sinia zake na mrashi wake wa shaba alikuwa akizisugua kwa ukwaju mpaka unajiona meno. Basi nikachukua sufuria kubwa ya mkaza mjomba, nikatia maji, ukwaju fungu zima, maganda yote, nikabandika jikoni. Yalipochemka nikaepua, nikafunika na kawa, nikaenda kulala kidogo. Saumu ya Julai si kali, lakini usingizi wa Alasiri ni mtamu mwezi wowote.

Niliamshwa na harufu ya iliki.

Mkaza mjomba alikuwa katoka sokoni, kakuta sufuria ya ukwaju imeshachemshwa na kupoa, akamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto mwenye akili. Akachota ya juu juu, akachuja, akatia sukari, iliki na barafu. Kuonja hakuonja, kafunga. Nilipofika jikoni alikuwa anazamisha upawa kuchota ya mwisho, upawa ukalia *kling'i*.

"We mtoto, umetia nini humu?"

Akainua upawa. Ndani yake ganda la risasi, jekundu jekundu, linachuruzika.

"Mkaza mjomba, jagi la kwanza liko wapi?"

"Nimepeleka msikitini."

Hapa lazima nieleze kitu. Fataki za risasi huwa na madini ya risasi, ile sumu nzito, na masizi yake hubaki ndani ya ganda. Hilo mjomba alikuwa kaniambia tangu mdogo: ukishika maganda, nawa kabla ya kula. Kwa hiyo nilipofika mlangoni mwa msikiti, kikoi mkononi, muadhini ameshakohoa kwenye kipaza sauti, wazee wameshika tende na vikombe vimejaa, nilichosema kilikuwa kweli tupu. Nilipiga kelele:

"Risasi! Risasi! Risasi!"

Safu nzima ikalala chini. Mzee mmoja aliingia nyuma ya nguzo na tende yake mdomoni, sijui hata kama jua lilikuwa limeshazama. Mjomba peke yake ndiye aliyebaki amekaa. Alitazama jagi, akanitazama mimi, akatazama vidole vyangu vyeusi. Kasoma.

Jagi likamwagwa mferejini, barafu na yote, mbele ya watu waliofunga kutwa. Hakuna aliyekunywa, nashukuru. Ila ile kimya nailala nayo mpaka leo.

Usiku, kwa aibu, nikayasugua maganda kwa jivu na nyuzi za chuma mpaka alfajiri. Yakawaka kama bangili za biharusi. Asubuhi mgeni akaja, akashika moja, akaligeuza, akashika jingine. Pete inayong'aa utaiona wapi, na ganda zima linang'aa? Nukta za wino, hakuna. Na ganda ni mchanganyiko wa shaba na zinki; mengine ukwaju ulikuwa umekula zinki yake, shaba ikabaki na wekundu wa ufizi.

Mjomba akasema taratibu, "Nilikutuma kusoma nyayo. Wewe umezifagia."

Mgeni akaomba spoki ya baiskeli. Akaipinda ncha kama ndoana ndogo, akaanza kuitumbukiza ganda moja moja akipapasa ukuta wa ndani. Katika la saba spoki ikakwama. Akalikata kwa msumeno wa chuma pale pale barazani, akatuonyesha: ndani, juu ya mkanda, mfereji mwembamba kama aliokwaruza mtu kwa ukucha. Nje laini kabisa. Matano yalikuwa hivyo. Yaliyobaki nayo akayaponda midomo kwa nyundo, maana hesabu yake haijulikani tena, akamlipa mkaza mjomba sufuria.

Jioni ile futari ikatengwa: mihogo ya nazi, tambi, kaimati, na jagi la ukwaju katikati ya mkeka. Adhana ikatoka. Hakuna aliyenyoosha mkono. Wote wananitazama mimi.

Nikamiminiwa kikombe cha kwanza.