Popo wa huku kwetu: tuwalinde, lakini tusidanganyane

Stori ya popo ikianza hapa Kisumu watu wanagawanyika mara moja, kuna wale wa "hao ni wa wachawi na wanaleta magonjwa, kateni hiyo miti wanalala" na kuna wale wa mazingira ambao ukiwasikiza utadhani popo hana kosa hata moja. Mimi niko upande wa kuwalinda. Ila naona hawa wa pili wanaharibu kesi yao wenyewe juu hawataki kugusa kile kitu mwananchi anaogopa.

Haya tukiguse. Kitum, ile pango ya Mlima Elgon ndovu huingia kukwangua chumvi, 1980 iliingiwa na Mfaransa aliyekuwa anafanya kazi kiwanda cha sukari huku magharibi, 1987 ikaingiwa na kijana Mdenmark wa miaka 15, na wote wawili walikufa na Marburg, ugonjwa wa kirusi ulio ndugu ya Ebola. Baadaye watafiti wakapata hicho kirusi kwa popo wa matunda wa hapo ndani. Kwa hivyo mtu akikuambia popo hawana shida yoyote anakudanganya, pango ya popo usiingie bila maski na glavu, na tunda limeng'atwa usile.

Sasa si tuwaue basi? Uganda walijaribu. Mgodi wa Kitaka, 2007, wachimbaji walishikwa na Marburg, popo wakamalizwa wote, lakini 2012 ugonjwa ukaibuka tena Ibanda, kama kilomita 20 tu kutoka hapo, na popo waliokuwa wamerudi mgodini walipopimwa karibu asilimia 13 walikuwa na kirusi wakati wale wa kwanza walikuwa kama 5. Yaani walimaliza popo na wakaongeza Marburg. Hii ndio hoja ningeanza nayo kwa baraza la chifu kabla ya kutaja mti wowote.

Miti nayo iko. Hao popo wakubwa wa matunda tunaona huku Kisumu na Vihiga wanakula matunda ya mvule na wanaenda kunya mbegu mbali, kwa hesabu ya watafiti wa Ghana hata kilomita 75. Ndege wengi na nyani wa msitu hawataki kuvuka uwazi, na ukitoka msitu wa Kakamega ni nini unaona, si miwa na mahindi tu? Popo anavuka. Halafu kuna yago, mwegea kwa Kiswahili, ule Waluo huzika tunda lake pale mwili wa mtu aliyepotea ukikosekana. Maua yake yanafunguka usiku na popo ndio wachavushaji wake wakubwa.

Wale wadogo wanakula wadudu. Marekani kuanzia 2006 fangasi iliua popo wengi sana, na utafiti wa 2024 ulionyesha kwamba kaunti zilizopoteza popo wakulima waliongeza dawa ya wadudu kwa asilimia 31 na vifo vya watoto wachanga vikapanda karibu asilimia 8. Hiyo inatosha kutisha mtu, hakuna haja ya kuongeza chumvi na ile ya popo mmoja kula mbu elfu kwa saa, hesabu iliyotoka kwa popo waliofungiwa chumba kimejaa mbu. Malaria ya Kisumu bado inataka neti.

Lakini nani analipa? Ni yule mama popo wamemalizia maembe, na ile kanisa siling imejaa mavi mpaka harufu inashinda mahubiri. Kwa maembe, mti mfupi wa kupandikizwa unafunikwa na neti ya matundu madogo iliyovutwa vizuri, ule mrefu wa zamani sahau, chuma mapema. Kwa siling unangoja watoto wao waweze kuruka, jioni wakitoka unaacha neti inaning'inia kwa tundu ili watoke na wasirudi, ndio fundi azibe. Hiyo yote ni pesa, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inakuwezesha kudai fidia ndovu akimaliza shamba lakini popo hayuko kwa orodha. Kwa hivyo wanamazingira wakija kijijini na mabango tu bila neti na bila fundi, huyo mama akitafuta manati mimi sitamlaumu sana.