Uliyemwonea Kijicho, Umwambie?

Katika ushirika wa kina mama wa kanisa moja huku Mikindani, Mombasa, mama mmoja alisimama, leso begani, akamgeukia mwenzake aliyekaa benchi la pili. "Dadangu, naomba unisamehe," alisema. "Tangu ufungue duka lile sina amani na wewe. Nikipita nikaona watu wamejaa pale, roho yaniuma. Nimekuonea wivu mwaka mzima." Wakakumbatiana. Wimbo ukaanzishwa, wengine wakatokwa na machozi, na kiongozi akasema leo shetani ameaibika.

Nilikuwepo, nikalia pia. Wiki tatu baadaye mwenye duka akaniambia maneno ambayo mpaka leo hayajanitoka: "Mama, siku ile nilipofika nyumbani sikulala. Nilikaa nikihesabu. Friji iliharibika mwezi gani? Mtoto alilazwa lini? Yule aliyekuwa akinunua kwangu barafu za kuuza shuleni, aliacha kuja lini?"

Basi swali ni hili. Mtu aliyemwonea mwenzake wivu moyoni, bila kumfanyia lolote, aende akamwambie? Wako wanaosema ndiyo, na hoja zao ni nzito. Wako wanaosema hapana, na hao ndio huitwa waoga na wanafiki, watu wa kufunika dhambi. Kwa maoni yangu hao wa pili hatujawasikiliza.

Wanaosema ndiyo wamerithi kitu cha thamani. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukapita Uganda na kufika Kabete, Kenya, mwaka 1937, ulitufundisha kuenda nuruni kama inavyosema 1 Yohana 1:7. Wamishonari waliungama mbele ya Waafrika kiburi chao. Waume waliungama mbele ya wake zao. Katika nchi ambamo mkubwa hakuwa akimwomba mdogo msamaha, lile lilikuwa jambo la ajabu, na matunda yake yapo hadi leo. Zaidi ya hapo, ni kweli kwamba wivu hupenda giza. Basili, askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, alihubiri kwamba mwenye husuda huona haya kuutaja ugonjwa wake, na kwa hiyo unamla ndani kwa ndani. Mlevi atasema amelewa. Mwenye hasira atasema amekasirika. Lakini nani atasimama aseme, "Nimehuzunika kwa sababu mtoto wako amefaulu"? Mithali 14:30 inauita husuda ubovu wa mifupa, na mfupa ukioza huwezi kuuona kwa nje. Kwa hiyo anayesimama kanisani akalitaja jina la ugonjwa wake, huyo amefanya jambo ambalo wengi wetu tutakufa bila kulifanya. Yule mama simlaumu hata kidogo.

Ila hesabu ile ya friji siwezi kuiacha.

Sisi tunaishi Pwani. Neno lenyewe tunalotumia, kijicho, limebeba jicho ndani yake, na Biblia yetu ya Kiswahili inalitumia katika Marko 7:22, mahali ambapo Kiyunani kinasema jicho ovu. Hapa mtu akimsifia mtoto bila kusema mashaallah, mamake mtoto humvuta mwanawe karibu. Sisi Wakristo tunasema "Mungu ambariki" kwa haraka ile ile, na kwa hofu ile ile. Ingia Mtaa wa Biashara uulize leso yenye jina *Hasidi hana sababu*; utaipata. Matatu zimeandikwa *Mwenye wivu ajinyonge*. Na makesha yetu, niseme bila kuzunguka, yamejaa maombi ya kuvunja kazi za mahasidi, na kila anayeomba pale anaamini kwamba yeye ndiye anayehusudiwa. Sijawahi kusikia kesha ambamo mtu aliomba, "Bwana, mimi ndiye hasidi wa mtaa huu, nivunje mimi."

Sasa katika mji kama huu, mwambie mtu, "Nimekuonea wivu mwaka mzima." Wewe umekusudia kusema, "Moyo wangu ulikuwa mchafu." Yeye anasikia, "Jicho langu lilikuwa juu ya nyumba yako." Kwetu maneno hayo yako jirani kabisa na kukiri uchawi. Mambo yaliyokuwa ya kawaida, friji ya mtumba kuungua kwa umeme unaopanda na kushuka, mtoto kushikwa na malaria msimu wa mvua, yanapata mwenyewe. Yanapata jina na uso, na uso huo uko kanisani kila Jumapili. Jirani zetu wa Kilifi wamezika wazee waliouawa kwa kushukiwa tu, bila yeyote kati yao kukiri lolote. Sisemi ushirika wa kina mama utafika huko. Nasema hofu inayowaua wale wazee ndiyo hiyo hiyo iliyomkosesha usingizi mwenye duka, na sisi ndio tuliomkabidhi, tukiimba.

Tena tazameni mzigo ulivyohama. Kabla ya siku ile mwenye wivu alikuwa na shida na mwenye duka alikuwa na amani. Baada ya siku ile mwenye wivu alitembea mwepesi na mwenye duka akaanza kufunga mapazia. Aliacha kusema mambo yake mbele ya watu. Bintiye alipopata barua ya kujiunga na shule nzuri ya sekondari, habari zilitufikia kupitia kwa watu wengine, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa ushuhuda kila neema ilipomfikia. Warumi 12:15 inatuambia tufurahi pamoja nao wafurahio. Tutafurahije na mtu ambaye tumemfundisha kuificha furaha yake? Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Tiba ya wivu ni kuzoea kufurahia mema ya mwenzako, na sisi tumeikausha ile chemchemi ambayo mgonjwa alipaswa kunywa.

Wanaosema ndiyo hunijibu kwa Mathayo 5: ukileta sadaka madhabahuni, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, enda kwanza upatane naye. Naomba tuisome taratibu. Bwana anasema *ndugu yako* ana neno juu *yako*. Yeye ndiye aliyeumizwa, na anajua. Mwenye duka hakuwa na neno lolote juu ya mtu. Hakukuwa na ugomvi wa kupatanisha mpaka tulipouleta sisi. Na Yakobo 5:16, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa," hausemi kila dhambi ipelekwe kwa yule uliyemuwazia. Unasema pawe na mtu. Katika Misa Wakatoliki wanaungama kwa Mungu Mwenyezi "nanyi ndugu zangu" kwamba wamekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa vitendo. Mawazo yanatajwa ya kwanza, na hakuna anayeulizwa alimuwazia nani.

Mpaka, kwa maoni yangu, uko kwenye tendo. Ndugu zake Yusufu walimhusudu, lakini mwishoni mwa Mwanzo wanapotuma ujumbe wa kuomba msamaha, wanaomba kwa ajili ya mabaya waliyomtenda: shimo, na kuuzwa. Ikiwa wivu wako ulitoka nje, ukamsengenya mwenzako kwa wateja wake, ukapeleka maneno kwa mwenye nyumba ili asiongezewe chumba, basi uende kwake, hata kama magoti yanatetemeka. Pale kukaa kimya ni uongo. Huko upande wa ndiyo uko sahihi kabisa, nami sipunguzi hata neno moja. Lakini wivu uliobaki moyoni una mahali pengine pa kupelekwa.

Na hapo ndipo watu wa kimya hueleweka vibaya, kana kwamba kazi yao ni kunyamaza tu. Thoma wa Akwino, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 13, aliuelezea wivu kuwa ni huzuni inayomshika mtu kwa sababu ya mema ya mwingine. Ukikubali kwamba ni huzuni, utaona kwa nini tamko moja la Jumapili haliwezi kuimaliza. Yohane Kasiano, aliyekusanya mafundisho ya wamonaki wa Misri, aliandika kwamba wivu ni mgumu kuponya kuliko makosa mengine. Katika mazungumzo ya kwanza ya kitabu chake yumo Abba Musa, mzee wa wamonaki hao, anayesema kwamba lengo la mmonaki ni usafi wa moyo, kama mkulima anavyosafisha shamba kwa ajili ya mavuno. Kufunga, kukesha na kusoma ni majembe tu. Mimi naongeza kwamba kuungama mbele ya watu nako ni jembe, na jembe linalong'oa miiba kwangu na kuitupa shambani kwa jirani halijasafisha chochote.

Kazi yenyewe ni ndogo na ya kuchosha. Umweleze mtu mmoja anayejua kufunga mdomo: padri kwenye kitubio, mchungaji, au mama mtu mzima ambaye hajawahi kukuletea siri ya mtu. Hilo linajibu hofu ya Basili, kwa sababu ugonjwa umetajwa. Kisha umwombee unayemhusudu kwa jina, na umwombee kile kile kinachokuuma. Ikiwa ni duka, uombe lijae. Siku za kwanza maneno yanakwama kooni, nami nayajua hayo kwa mwili wangu. Kuna mtu niliyemwombea hivyo kwa zaidi ya mwaka kabla sijamaliza sentensi bila kusaga meno. Umsifu asipokuwepo. Uende ukanunue kwake. Yohane Krisostomo, askofu na mhubiri wa kale, alifundisha kwamba Mungu hutukuzwa tunapofurahia maendeleo ya ndugu zetu, na furaha hiyo, ninavyoona mimi, huanza mguuni na mkononi kabla haijafika moyoni.

Najua hatari ya njia hii. Mtu anaweza kujidanganya, akasema anashughulika na Mungu kumbe anaulea wivu wake kama mtoto. Ndiyo maana nasisitiza huyo mtu mmoja wa kukuuliza kila mara, "Umefika wapi?" Asipokuwepo, sina jibu kwa wanaonipinga.

Wivu tunaouzungumzia ni wa karibu pia, na hilo linazidisha uzito wa jambo. Hakuna wa Mikindani anayekosa usingizi kwa sababu ya majumba ya Nyali. Tunaoneana wivu sisi wa ploti moja, tunaoteka maji bomba moja, tulioanza wote na sufuria ya mbaazi na karai la mahamri barazani, mmoja akapata duka na mwingine bado yuko barazani. Kesho watakutana tena pale bombani, na keshokutwa.

Yule mama aliyeungama alinijia mwezi uliopita. Ameona mwenzake amepoa, salamu zimekuwa fupi, na hajui kosa lake liko wapi. "Mama, nirudi tena nimwambie sikumtia jicho?" Nilimwambia asirudi na maneno. Nikamuuliza unga wake wa mahamri ananunua wapi. Akanyamaza kidogo, akasema huwa anapanda matatu kwenda kuununua Changamwe, ili asipite kwenye duka lile.

Jumamosi alipita. Alinunua pakiti mbili za unga na robo ya sukari. Mwenye duka alimpa chenji bila kumtazama, kisha akamwita kabla hajafika mlangoni, akamwambia amesahau hamira.